Lugha ya Mama Roelofje

Simu ililia Janice akimenya viazi. Wifi yake, Hilje, alimpa habari kwa Kiingereza: Mama amefariki alfajiri, usingizini.

"Niambie tena," Janice alisema kwa Kiholanzi, kisu kikiwa bado mkononi. "Kwa lugha yake."

Hilje akasema upya. Hapo ndipo Janice alipolia.

Alipoolewa Wilsum, kijiji cha Uholanzi, akitokea Uingereza, alidhani lugha ingemwingia mapema. Hakuwajua Waholanzi. Fungua kinywa tu, wasikie lafudhi yako, wanakurukia kwa Kiingereza, na wanaona wamekutendea wema. Mwoka mikate hivyo, jirani hivyo, hata mumewe Harmen akiwa amechoka. Mkwewe, Mama Roelofje, peke yake ndiye aliyekataa. Kiingereza hakukijua, wala hakukitafuta.

Desemba ya kwanza, kwenye sikukuu ya Mtakatifu Nikolasi, kila mtu alipaswa kumwandikia mwenzake shairi la utani, lenye vina, kana kwamba limeandikwa na mtakatifu mwenyewe. Janice aliandika lake kwa Kiingereza. Mama Roelofje akalirudisha mezani.

"Mtakatifu Nikolasi wa nyumba hii haandiki hivi. Kaa, mwanangu. Kahawa ipo."

"Siwezi, Mama."

"Kufuma soksi pia ulisema huwezi. Na kweli huwezi, lakini Harmen anazivaa."

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Janice, masikio yakimwaka moto, akaandika mistari minne kuhusu meno ya bandia ya mkwewe. Mama aliisoma kwa sauti, akacheka mpaka meno yenyewe yakataka kumtoka. Tangu hapo hakuna Desemba iliyopita bila shairi.

Sasa mtu wa familia alitakiwa kuwashukuru waombolezaji kaburini. Kazi hiyo ni ya mtoto wa kwanza, lakini Harmen sauti ilimkauka, akamwomba mkewe.

"Andika Kiingereza tu, wifi," Hilje alisema. "Nani hapa hakijui?"

"Mama."

"Mama hasikii tena."

"Aliyempokea anasikia. Sitasimama juu ya kaburi lake niseme maneno ambayo yeye asingeyaelewa."

"Basi niletee nikusahihishie. Watu watakucheka."

"Wacheke! Mama alinicheka miaka yote na sikufa."

Akaandika peke yake mezani jikoni. Maneno yalimjia kwa vina, maana ndivyo alivyofundishwa. Hakumwonyesha mtu.

Jumamosi kengele ya kanisa ilipigwa na majirani wakabeba jeneza. Upepo ulikuwa unatoka mtoni. Mchungaji alipomaliza sala, Janice akafungua karatasi yake. Alikwama mara moja. Mzee mmoja, kwa huruma, akamnong'oneza neno la Kiingereza. Janice akatikisa kichwa, akarudi mwanzo wa mstari, akausoma mpaka mwisho. Alipofika pale aliposema kwamba Mama ameenda mahali ambapo soksi mbovu za Janice hazitamfikia, mtu alipasuka kicheko katikati ya kilio. Alikuwa Hilje.

Akawashukuru watu, akawakaribisha kahawa.

Wakasali Baba Yetu. Jeneza likashushwa. Harmen alitupa udongo kwa sepetu, akampa Janice, Janice akampa Hilje. Kisha wakaenda ukumbini, wakanywa kahawa na mikate ya zabibu.