Kinyozi Aliyekataa Kisu

"Mjomba, kama jicho halioni, kwa nini umekataa kupasuliwa?"

Nilimuuliza hivyo nikiwa darasa la nne, mbele ya kioo kikubwa cha saluni yake. Jibu lake likawa kunipaka povu la sabuni puani. Mjomba ni mdogo wake Mama, kinyozi, na mtaa mzima unamwita Kipara, maana kichwa chake hakina hata unywele mmoja wa kumtangazia biashara.

Aliteleza asubuhi moja akipiga deki saluni, nyusi ya kulia ikagonga ukingo wa sinki. Pakachanika kidogo tu, pa kubandika plasta. Jicho lenyewe halikuvimba wala halikuwa jekundu. Lakini aliponyanyuka, upande wa kulia ulikuwa giza tupu.

"Hebu fumba la kushoto, nitazame kwa la kulia," alisema fundi viatu wa mlango wa pili, aliyekimbia kuja kuona.

"Nimefumba, na wewe umepotea. Angalau faida moja nimeipata."

Hospitali nilikwenda na Mjomba na Mama, maana Mama hakuwa na pa kuniacha. Daktari wa macho, mama mmoja mwenye sauti kavu, alimulika tochi jicho la kushoto, mboni za macho yote mawili zikabana. Akaihamishia tochi kwenye jicho la kulia, na mboni, badala ya kubana, zikafunguka taratibu kama mtu asiyejali. Nilisogea mpaka nikamkanyaga daktari.

"Umeona?" aliniuliza, wala hakukasirika. "Jicho ni zima. Kilichoumia ni mshipa unaopeleka habari kutoka jichoni kwenda kwenye ubongo. Unapita ndani ya tundu jembamba la mfupa, na kishindo cha nyusi kimeufikia hukohuko."

Akamwambia Mjomba kuwa kuna dawa ya steroidi ya kuteremsha uvimbe wa mshipa, inayotolewa kwa dripu, ila madaktari hawakubaliani kama inasaidia, na angekuwa ameumia ubongo asingethubutu kumpa. Mjomba akasema, "Weka." Ikamnyima usingizi, ikampa njaa ya watu wawili, akawa anagombana na feni ya dari. Dripu zilipokwisha, jicho lile liliona mwanga na kivuli cha mkono ukipungwa. Basi.

Hapo ndipo ukoo ulipokusanyika kitandani.

"Wapo madaktari wanaoweza kupitia puani na kuupanua mfupa kidogo, mshipa upate nafasi," daktari alisema. "Picha ya kichwa haionyeshi kipande chochote cha mfupa kinachoukandamiza. Wengine wanapasuliwa wanaona. Wengine hawaoni. Wengine wanaanza kuona bila kuguswa. Kama kwako itasaidia, sijui."

"Hujui?" Mama aliruka. "Umesoma miaka yote hiyo, hujui?"

"Sijui, mama. Nikisema najua nitakuwa nimewadanganya."

Baba akadakia, "Shemeji, jicho si jino, kwamba utatafunia mengine. Pasuliwa, yaishe."

"Nimekulea mimi," Mama alisema. "Utapasuliwa."

"Dada, umenilea, na asante nakupa kila siku. Lakini kichwa hiki nilizaliwa nacho mwenyewe. Sipasuliwi."

Mama akaondoka bila kuaga. Tangu siku hiyo chakula alichompikia mdogo wake nilikipeleka mimi, na salamu hakutuma.

Tatizo likawa wembe. Kunyoa kwa mashine kila mtu anaweza. Watu walivuka mitaa kuja kwa Kipara kwa sababu ya wembe wake. Sasa, kwa jicho moja, umbali ulikuwa unamdanganya: alimimina chai pembeni ya kikombe, akanyoosha mkono kumpa mtu chenji akaiangusha. Asipoweza kushika wembe, saluni angeifunga.

"Nyamaza tu," Baba alimshauri. "Jicho linaonekana zima. Nani atajua?"

Mjomba akafanya kinyume. Kila aliyeketi alimwonyesha mboni zake kwa tochi ya simu. "Hili halioni. Ukitaka mashine, karibu. Ukitaka wembe, ngoja kwanza nijifundishe upya." Wengi walitoka na nywele zao.

Akanunua maputo. Analipuliza moja, analipaka povu, analinyoa. Pwaa! Kila lilipopasuka, fundi viatu alipaza sauti kutoka kwake: "Mwingine huyo, Mungu amrehemu! Nani anafuata?"

"Wewe!" Mjomba alimjibu, sabuni ikimchuruzika kidevuni.

Mwishowe akagundua ujanja. Kidole kidogo kinatangulia, kinagusa ngozi. Wembe unafuata nyuma yake. Kidole ndicho kinachopima kile ambacho jicho haliwezi. Maputo yakaacha kulia. Ukimya ule ndio uliomleta fundi viatu mlangoni.

"Umekufa au umeweza?"

"Kaa ujue."

"Nikichinjwa, viatu vya mtaa huu atashona nani?"

"Watatembea peku wakikukumbuka. Kaa."

Akakaa. Wembe ulikuwa shingoni Mama alipoingia, kanga begani. Alikuwa amekuja kumwambia mdogo wake, kwa mara ya mwisho, afunge saluni aende akapasuliwe. Mdomo ukabaki wazi. Fundi viatu alifumba macho, vidole vyake vya miguu vikajikunja ndani ya kandambili. Mimi nilitazama kidole kidogo tu. Kilishuka chini ya taya, kikazunguka sikio, wembe ukikifuata kama mtoto aliyeshika nguo ya mama yake. Hakuna tone la damu.

Mama alisogea, akainama, akakagua shingo ile kama anayechagua nyanya.

"Nyuma ya sikio hujamaliza," akasema. Akavuta benchi, akakaa.

"Naona, Dada."

"Unaona nini wewe!"

Wakacheka wote wawili, na fundi viatu akaomba wasicheke mpaka ashuke kitini.

Jicho la kulia mpaka leo linaona vivuli tu. Mimi niko kidato cha tatu, na juzi mwalimu wa biolojia alipochora jicho ubaoni nilimuuliza kwa nini mshipa ule ukiumia haushonwi kama kiatu. Akanitazama, akasema, "Tuendelee." Nilipomsimulia Mjomba, alikuwa akimnyoa mteja, akasimamisha wembe.

"Alisema 'tuendelee'? Hakusema 'sijui'?"

"Hakusema."

"Basi wewe uliniuliza zamani kwa nini nilikataa kisu. Siku ile mle wodini kila mtu alikuwa anajua. Mama yako anajua, baba yako anajua, hata mgonjwa wa kitanda cha pili anajua. Aliyesema hajui ni yule mwenye tochi peke yake. Angesema anajua, ningelala kwenye meza ya upasuaji siku hiyohiyo. Nikaona, kumbe hii ni bahati nasibu. Na kama ni bahati nasibu, nitacheza mwenyewe. Sipigiwi kura na ukoo."