Amina ya Jandarma

Mjomba Guszti Pollner aliendesha tramu hapa Budapest mpaka akastaafu, asijue kwamba yeye ni Myahudi. Mama yake alimwambia akiwa kitandani, karibu na kufa, kwa sauti ya mtu anayekukumbusha kuzima jiko: sisi ni Wayahudi, na baba yako hakutukimbia. Alichukuliwa wakati wa vita kufanya kazi za lazima, hakurudi. Kaburi hakuna, tarehe hakuna. Mama alichagua siku ilipofika kadi yake ya posta ya mwisho, iwe ndiyo siku ya kumbukumbu.

Mzee akajiunga na nyumba ndogo ya sala mtaani kwetu, akajifunza kadishi, sala ambayo mwana humsomea baba yake kila siku hiyo inaporudi. Lakini huisomi peke yako. Lazima wawepo wanaume kumi wa Kiyahudi.

Mwaka ule siku ilipofika, nyumba ya sala ilikuwa tupu. Wazee wote walikuwa wameajiriwa kucheza wafungwa kwenye filamu iliyotokana na riwaya ya mauaji ya Wayahudi. Guszti pia. Mimi, niliyeiacha stashahada ya uigizaji kabla haijaniacha yenyewe, nilipewa ujandarma, wale askari waliowapakia Wayahudi kwenye mabehewa: bunduki ya mbao, kofia ya manyoya ya jogoo, na sura mbaya nikaja nayo kutoka nyumbani.

Siku hiyo alikuwa anakufa Izsák, kijana wa kwenye riwaya. Bence, anayemcheza, ni yule wa tangazo la shampuu. Guszti alikuwa amemzoea, kila mapumziko anampelekea mkate wa mafuta ya bata bukini na kitunguu.

"Kula, Izsák, umekonda."

"Naitwa Bence, mjomba."

"Najua. Kula."

Bence akalala sakafuni, wafungwa kumi wakamzunguka. Guszti aliomba aisome yeye kadishi ya kumwombea Izsák, na mwongozaji akakubali haraka, maana mwigizaji aliyecheza rabi alikuwa anajing'ata ulimi kila neno. Hapo ndipo mzee alipohesabu watu. Mzee Ármin, wa kumi wao, alikuwa nyumbani na mafua, na rabi mwenyewe ni Mkatoliki, tena wa kwaya. Kwa kamera walikuwa kumi, kwa Mungu tisa. Dirishani jua la Desemba lilikuwa linashuka, na likizama siku ya baba imepita.

Macho yake yakatua kwangu.

"Wewe jandarma! Bibi yako mzaa mama si Rózsi Lusztig, wa duka la vifungo?"

"Ndiye. Lakini mjomba, mimi hata nguruwe nakula..."

"Nani kakuuliza habari za nguruwe? Uyahudi hupitia kwa mama. Simama hapa."

"Na bunduki?"

"Weka chini, mpumbavu. Hatuendi kuwinda."

Kamera ikaanza, Guszti akaanza. Sikujua hata neno moja. Mzee wa pembeni alinipiga kiwiko kila ilipofika amina, nami nikaitika. Naitikia kwa ajili ya nani? Izsák hajawahi kuzaliwa. Bence ananuka kitunguu. Na baba yake Guszti, akiniona na kofia hii, si atakimbia?

"Kata! Huyo jandarma anaomba nini hapo?"

Guszti hakukata. Wazee hawakugeuka. Bence naye aliendelea kufa kwa adabu mpaka amina ya mwisho.

"Tunarudia," mwongozaji akasema, "bila jandarma."

"Rudieni," Guszti akajibu, akijifuta macho. "Mpeni huyo Mkatoliki. Baba yangu ameshasomewa."

Wakarudia na rabi wao, na hiyo ndiyo iliyomo kwenye filamu.

Taa zikawashwa, ikafika zamu yangu: kumsukuma Guszti kwa kitako cha bunduki apande behewani.

"Mjomba, sasa nakusukumaje?"

"Kwa nguvu, mwanangu. Usiniaibishe."

Nikamsukuma. Mwongozaji akashika kichwa. Eti nimemsukuma kama mtu anayempandisha babu yake kwenye tramu. Turudie.