Vioo vya Kabula na Ndimu Zangu Mbili

Hapa Masumbwe siku hizi naitwa Baba Ndimu, na kwa kuwa kila mtu anakisimulia kisa chenyewe kwa kuongeza chumvi yake, bora nikisimulie mwenyewe, aibu ni yangu na haki ya kuisema ni yangu.

Mimi niliishia darasa la nne, lakini lori lililopigwa rangi na mkono huu, utalitambua toka Chato mpaka Shinyanga (unaweza kunyolea ndevu kwenye mlango wake). Gereji ni yangu, kompresa mbili ni zangu, na Kabula anayesomea fizikia chuo kikuu ni binti yangu, ndiyo maana alipokuja kuniomba kompresa ndogo na kona ya gereji afanyie utafiti wake, niliwatangazia watu kwamba damu ya kupuliza rangi haijifichi.

Kazi yake ni hivi: anayeyusha chumvi ya zinki kwenye maji, anaongeza alumini kiduchu, halafu anapuliza ukungu mwembamba juu ya kioo kilicholazwa kwenye bamba la moto mkali, ukungu ukigusa kioo unakauka palepale na kuacha ngozi nyembamba kupita kiasi, mwanga unapenya kama kawaida lakini juu yake umeme unatembea. Ngozi za namna hiyo ndizo ziko kwenye kioo cha simu yako. Miezi miwili alipuliza, vikapasuka, akapuliza tena, mpaka akapata vinne vizuri. Mwalimu wake alikuwa aje Jumamosi kuviona. Vikifaa, Kabula anaandika na kuhitimu. Visipofaa, anaanza upya mwaka mwingine.

Ningenyamaza tu. Lakini Ijumaa kijiweni, Masanja, niliyechimba naye dhahabu zamani kabla sijawa mtu wa maana, akaniuliza, "Baba Kabula, hiyo ngozi ya kwenye kioo ni ya nini?"

"Madini," nikasema.

"Madini gani?"

Nikanywa kahawa taratibu. "Ya kisasa."

Basi. Mtu wa huku ukimwambia madini halafu ukanyamaza, umeshamwambia dhahabu. Nikawaalika wote.

Jumamosi asubuhi nikaingia gerejini kukagua. Vioo vilikuwa na ukungu fulani, ukivigeuza vinatoa rangi rangi kama petroli kwenye dimbwi. Nikaona hapana, mgeni wa chuo haonyeshwi kioo kichafu kwenye gereji yangu. Cha kwanza kikaniponyoka, kikavunjika (kipande kikubwa nikakisukumia chini ya mguu wa kompresa uliokuwa unacheza, kikakaa sawasawa). Vitatu vilivyobaki nikavisugua kwa ndimu mbili, ndiyo dawa yangu ya vioo vya malori, na ule uchafu ukatoka kirahisi mpaka nikajipongeza kwa sauti. Maji nikayamwaga nyuma, kwenye mchicha wa Mama Kabula.

Saa nne gereji imejaa. Mwalimu, mama mmoja mpole mwenye miwani, amekaa benchi la mbele. Kabula akaunganisha betri, nyaya na kitaa kidogo kwenye kioo. Giza. Cha pili, giza. Cha tatu akakigeuza, akabadilisha betri, kisha akakinusa.

"Baba, nani ameshika vioo vyangu?"

"Vumbi," nikajibu.

"Vinanuka ndimu, baba."

Nikakohoa. "Nilivipangusa kidogo tu, mayu, mama yangu. Vilikuwa vichafu."

"Ule haukuwa uchafu," akasema polepole. "Ile ndiyo ilikuwa kazi yangu."

Mwalimu akavua miwani, akaifuta. "Hii ngozi haiwezi asidi, mzee. Hata ya ndimu."

Nilitamani sakafu ipasuke. Na hapo ndipo Masanja akauliza kwa upole kabisa, "Maji ya kuoshea uliyamwaga wapi?"

"Kwenye mchicha," nikasema, kabla akili haijafika.

Gereji nzima ikatoka. Sijui makarai yalitoka wapi, lakini watu wa machimbo hawakosi karai, na dakika hiyo hiyo nikamsikia mke wangu huko nyuma, "Bhebhe Masanja, wewe, toka kwenye mboga zangu," na Masanja anamjibu, "Shemeji, tunachekecha tu, mchicha utaota mwingine."

Tukabaki watatu. Kabula hakulia, na heri angelia. Akauliza, "Vilikuwa vinne. Cha nne kiko wapi?" Ikabidi nikiri dhambi ya pili. Nikainua kompresa kwa mikono yangu, mgongo ukalia, akachomoa kile kipande, kimeingia oili pembeni, akagusisha nyaya. Kitaa kikawaka, kidogo kama jicho la paka.

Mwalimu akainama, akakitazama muda mrefu. "Hiki nitakwenda nacho kukipima. Puliza vingine vitatu, nakupa mwezi."

Watu arobaini niliwaalika waone taa ya binti yangu, na wote arobaini walikuwa wameinamia mchicha, wamenipa migongo.

Kabula alipuliza vingine, na vikapita. Ila kabla hajaanza alinipa masharti, ndiyo maana kwenye sakafu ya gereji yangu mwenyewe kuna mstari mwekundu mbele ya kona yake, nimeupuliza kwa mkono huu, umenyooka kuliko lami ya Kahama, na mimi, mwenye kompresa mbili, nikifika hapo nasimama napiga hodi.