Mpakizi wa Makambako na fuso iliyojificha chini ya boksi

Saa tatu asubuhi. Ukungu wa Makambako bado haujaamua kama unaondoka au unalipa kodi ya mwezi mzima. Juu ya lori lililoegeshwa kwenye yadi ya mbao, Abdulsalam Hassani (31) anawaelekeza wenzake kwa sauti inayovuka barabara.

“Kizito chini! Mbao nene kwanza, viazi juu. Nirudie mara ngapi?”

Lori likijaa, anashuka, anapangusa mikono kwenye suruali na kuingia kwenye banda la chai la Hilda Mgaya.

“Kamwene, dada Hilda.”

“Kamwene. Umekuja kunywa chai au kufungwa?”

Kufungwa kunakosemwa hapa si kwa polisi. Abdulsalam anatoa boksi la sabuni ambalo ndani yake hakuna sabuni. Kuna kadi alizokata kwa mkasi na kuzichora mwenyewe kwa kalamu. Mchezo huo ameubuni yeye, na yadi nzima inauita Mzigo.

Una aina ishirini za kadi: viazi, mbao, parachichi, majani ya chai na kadhalika. Kabla ya kuanza, kadi moja ya kila aina inachanganywa, mtu anachota nane tu, na hizo ndizo soko la siku hiyo. Wachezaji wananunua humo, kila mmoja akijijengea fungu lake la kadi. Anayefikisha bidhaa nyingi Dar es Salaam ndiye mshindi.

Kazi ni kufika. Katika zile ishirini, aina tatu tu ni za usafiri: fuso, guta na punda. (Ndiyo, punda mpaka Dar. Hilda amelalamika, hakusikilizwa.) Isipotokea hata moja kati ya zile nane, wachezaji wanabaki na viazi vyao wakitazamana kama abiria waliokatiwa tiketi za basi ambalo halipo.

Hilo ndilo lililomtia aibu Njombe mjini, miezi miwili iliyopita. Mwalimu Oktavia Mwalongo, anayesimamia klabu ya Hisabati ya shule moja ya sekondari huko Mjimwema, alimwalika awaonyeshe wanafunzi mchezo wake. Alikuwa anatafuta kitu cha kufundishia mada ya uwezekano, na ukifaa, angechukua maboksi kumi na mawili.

Ilichezwa mizunguko mitatu. Miwili haikuwa na usafiri.

“Mtoto mmoja alipiga miayo mpaka nikahesabu magego,” anakumbuka Abdulsalam. “Mwalimu akaniambia kwa upole, kaka, karekebishe, uje tena Jumamosi moja. Upole wake ndio uliouma.”

Abdulsalam alikuja Makambako kutoka Singida miaka tisa iliyopita, akiwa na begi moja na cheti cha kidato cha nne chenye F ya Hisabati. Siku nzuri ya kupakia inampa shilingi elfu kumi na tano. Siku ya mvua inampa mafua. Mtu wa namna hiyo angeweza kulaumu bahati na kuendelea kunywa chai. Yeye alichukua daftari.

“Niliwaza kama mpakizi,” anasema. “Ili soko likose usafiri, fuso lazima ibaki katika zile kumi na mbili ambazo hazikuchotwa. Hiyo ni kumi na mbili kwa ishirini. Guta nayo ibaki: kumi na moja kwa kumi na tisa. Punda: kumi kwa kumi na nane. Zidisha zote. Unapata kama kumi na tisa katika mia.”

Yaani michezo mia, kumi na tisa ikwame. Akaanza kuandika kila mchezo uliochezwa bandani. Ilipofika mia, iliyokwama ilikuwa thelathini na saba.

“Nikasema F yangu imenifuata mpaka huku.”

Lakini hakulitupa daftari. Alilipitia tena, safari hii akitazama nani alichota. Hilda alichota mara arobaini, soko likakosa usafiri mara nane. Yeye mwenyewe alichota mara sitini, likakosa mara ishirini na tisa.

Hilda humwaga kadi kwenye ungo wake wa kuchagulia mchele, akazipepeta, akachota kwa macho yaliyofumbwa. Abdulsalam huchanganya mara mbili, haraka, kisha huchukua nane za juu. Kosa lenyewe lilikamatwa mchezo ulipoisha, akiwa anazirudisha kadi kwenye boksi.

“We Abdu,” Hilda akamuuliza, “mbona fuso umeisukuma chini kabisa?”

“Nzito.”

“Na parachichi juu?”

“Zisipondeke.”

“Karatasi?”

Banda likacheka mpaka chai ikamwagika. Kwa miezi yote hiyo mikono yake ilikuwa ikipanga boksi la sabuni kama lori: magari chini, matunda juu. Kuchanganya kwake kwa haraka hakukuweza kuifukua fuso.

Jumamosi iliyopita alirudi Mjimwema na ungo wa kuazima. Mchoto wa kwanza, hakuna fuso, hakuna guta, hakuna hata yule punda. Wanafunzi wakapiga kelele: “Imekwama tena!”

Safari hii hakuomba radhi. Aliwaambia wachote mara arobaini na wahesabu wenyewe. Zilikwama tisa. Wakaanza kubishana kama tisa iko karibu vya kutosha na nane inayotarajiwa kwa hesabu ya daftari, wengine wamesimama juu ya viti.

“Nimefundisha mada hii miaka sita,” anasema mwalimu Oktavia. “Sijawahi kuona watoto wakiigombania.” Aliagiza maboksi yote kumi na mawili, na akampa mbunifu wa mchezo sharti: ajiandikishe kurudia mtihani wa Hisabati kama mtahiniwa wa kujitegemea.

Sasa Abdulsalam anapanga boksi la nne kati ya hayo kumi na mawili, huku kitabu cha kidato cha tatu kikiwa wazi pembeni ya kikombe. Mkono unashika fuso, unateremka nayo chini. Hilda anakohoa. Mkono unasimama, na boksi zima linamwagwa kwenye ungo.

“Na huo mtihani,” Hilda anamchokoza, “uwezekano wa kufaulu ni ngapi kwa mia?”

“Huo hauchotwi kwenye ungo, dada,” anajibu, akivuta kitabu karibu. “Huo nausoma.”