Pinyo Iliyouawa

Karabidi ikikutana na maji hutoa harufu ya kitunguu saumu kilichooza, na mimi nimekulia ndani ya harufu hiyo. Karakana ya baba yangu ilikuwa kibanda cha mabati pale Kamembe, mahali barabara inapoanza kuteremka kwenda daraja la Rusizi, na ng'ambo ya daraja ni Bukavu. Mtungi wa karabidi, uliotoa gesi ya kuchomelea, ulikaa mlangoni ukiunguruma, na moto wa buluu ulipowashwa majirani walijua fundi ameamka vibaya. Aliamka vibaya karibu kila siku. Mama alikuwa amefariki, kaka yangu Yasini alikuwa amevuka ng'ambo kuwabebea wafanyabiashara mizigo, kwa hiyo mikono iliyobaki ya kushika koleo ilikuwa yangu, ya msichana wa miaka kumi na mitatu. Nikikosea, baba alinichapa vidole kwa njiti ya gurudumu, kisha akaniambia samaki hukunjwa angali mbichi. Nilikunjwa haswa. Kufikia kiangazi kile nilikuwa naijua baiskeli kuliko nilivyoijua Juzuu Amma.

Vita vya Kongo vilikuwa vimekausha maduka ya vipuri. Nyuma ya kila baiskeli pana kigurudumu cha meno kinachovutwa na mnyororo, nasi tunakiita pinyo. Ndani yake mna vikucha viwili vidogo vinavyoruhusu pedali zisimame wakati gurudumu linaendelea kukimbia. Vikucha vikilika, unakanyaga hewa. Kwa kuwa pinyo mpya hazikupatikana, baba alizichomelea zile mbovu zikawa kitu kimoja na gurudumu: likizunguka, pedali nazo zinazunguka, utake usitake. Kazi hiyo tuliiita kuua pinyo. Watu waliichukia, maana kwenye mteremko pedali ziliwapiga miundi bila huruma, lakini heri nusu shari kuliko shari kamili, wakapanda hivyo hivyo. Siri ya kazi haikuwa kwenye moto, ilikuwa kwenye kupoa. Chuma cha pinyo ni kigumu na kina hasira. Ukikitoa motoni ukakitia majini, kinapasuka. Kilitakiwa kufukiwa kwenye majivu yenye joto tangu asubuhi hadi alasiri. Kufukia ilikuwa kazi yangu.

Baiskeli yangu niliitoa kwenye lundo la zile zilizoachwa na watu waliokimbia kuvuka daraja. Wenyewe walikuwa wapi, hatukuuliza. Mwenye hii alikuwa amekwaruza herufi mbili za jina lake chini ya tandiko. Nilizisugua kwa msasa mpaka zikafutika, na nilisugua huku naimba. Baba alisema nikiirudishia uhai itakuwa yangu, nitaipanda kwenda shule Gihundwe, na yeyote atakayesema msichana hapandi baiskeli aje aseme mbele yake. Sikuwahi kuahidiwa kitu kikubwa namna ile. Nilinyoosha rimu, nikafunga njiti moja moja, nikaipaka rangi ya kijani iliyobaki baada ya mlango wa msikiti kupakwa. Ilikosa breki na pinyo tu.

Ndipo Yasini akarudi. Alikuwa amekanyaga bomu la kutegwa kwenye njia ya Walungu, na mguu wake wa kushoto ulibaki huko. Watoto wa mtaa walimwita Kigingi, na wa kwanza kucheka nilikuwa mimi. Alikaa mlangoni mwa karakana akitukana wapita njia, ulimi wake ukifanya kazi ya viungo viwili. Siku moja baba alimtazama kwa muda mrefu, kisha akaitoa baiskeli yangu ukutani. Mtu wa mguu mmoja kwenye baiskeli ya kawaida hukanyaga mara moja tu, pedali ikafika chini, ikabaki hapo. Lakini pinyo ikiuawa, gurudumu lenyewe humrudishia pedali juu, na akitaka kupunguza mwendo huikaza kwa mguu huo huo. Kile ambacho wazima walikilaani, mlemavu kilimfaa. Hata mimi niliona kwamba baba alikuwa amepata wazo zuri, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

"Papa, hii njo kinga yangu," nilisema nikiishika usukani; kinga kwetu ni baiskeli.

"Weye uko na miguu mbili," baba alijibu bila kugeuka. "Tembeya."

Yasini akacheka. "Mwanamuke juu ya kinga, nani atamuoa?"

Asubuhi iliyofuata baba aliichomelea pinyo, akanikabidhi ikiwa nyekundu kwenye koleo. "Tia mu majivu. Usiiguse paka alasiri." Akaenda sokoni kutafuta ukanda wa kufungia mguu wa Yasini kwenye pedali. Nilisimama kati ya majivu na ndoo, na nilikuwa namchukia kaka yangu kwa moyo wote. Nikaitumbukiza ndooni. Ililia, mvuke ukanipiga usoni, na nilipoitoa niliona ufa mwembamba kama unywele kandokando ya meno. Nilifurahi. Kisha nikaifukia kwenye majivu, kama mtoto mtiifu. Nilijiambia kwamba itavunjika pale pale uani akiijaribu, baba aone haiwezekani, na baiskeli irudi kwangu. Hasira hasara, tuliandika hivyo darasani kwa mwandiko mzuri kabisa.

Haikuvunjika uani. Yasini aliizunguka karakana mara tatu, ya nne akapiga kelele za furaha, na baba, ambaye sijawahi kumwona akilia, aligeukia ukuta. Wiki chache tu, Kigingi akawa Yasini tena. Alipeleka nyanya Bukavu, akarudi na sabuni, na kila Ijumaa aliniletea biskuti. Nilizila. Kila asubuhi nilimfunga ule ukanda mguuni, nikijua kwamba hana breki nyingine isipokuwa pinyo ile, na kila asubuhi nilikuwa na sentensi moja mdomoni, nikaimeza. Nilimwogopa baba. Lakini nisijisafishe: nilikuwa bado naitaka baiskeli.

Ilivunjika kwenye kona ya mwisho kabla ya forodha, asubuhi, tenga la nyanya likiwa nyuma. Mguu haukuwa tena na kitu cha kukaza, na ulikuwa umefungwa kwenye pedali. Walimkuta mtaroni, nyanya zimepondeka juu yake, na goti la mguu uliobaki limesagika. Halijakunjika tena mpaka leo. Baba aliiokota pinyo, akaigeuzageuza kwenye jua. Ndani ya ufa palikuwa na kutu; haukuwa ufa wa asubuhi ile.

"Uliitia mu majivu?" aliniuliza.

"Niliitia, Papa. Wallahi."

Hakuuliza tena. Jirani mmoja alisema kwa sauti, ili asikike, "Fundi amemumaliza mutoto wake mwenyewe," na baba akaitikia tu: "Ni mukono yangu." Tangu siku hiyo alikuwa akiuzima moto kazi ikiwa nusu. Wateja walianza kupita wakiangalia upande mwingine, na mtungi ukauzwa. Siku ya kuuza aliusukumia ukutani ule mfupa wa kijani wa baiskeli na kuniambia, "Kamata kinga yako." Niliitafutia pinyo nzima na breki, nikaipanda mpaka Gihundwe, na upepo ulikuwa mtamu. Alikufa akiamini kwamba ni mkono wake uliokosea. Wanasema majuto ni mjukuu; mimi nilikuwa nayo tangu asubuhi ya kwanza nilipomfunga Yasini ule ukanda, na bado nilinyamaza.

Leo karakana ni yangu, na nachomelea kwa umeme. Barabara ya darajani ni lami laini, na vijana wanakuja na baiskeli nyepesi wakitaka niwaulie pinyo kwa makusudi, eti ndivyo mtu anavyoisikia barabara. Sisi tuliona aibu kupanda hizo. Wao wanajipiga nazo picha. Wamepata breki, wamepata miguu miwili, wamepata hata jambo la kuchezea. Yasini hukaa mlangoni, mguu umenyooka juu ya kigoda, naye ndiye anayewachekesha wateja wangu. Namlisha, namvisha, namwogesha anapoumwa. La kuvunda halina ubani, nami najua ninachokifukizia.

Juzi kijana mmoja aliniona nikifukia pinyo yake kwenye majivu, akauliza kwa nini.

"Chuma inapoaka polepole," Yasini alinijibia. "Papa njo alimufundishaka. Fundi wa kweli! Lakini ile ya kwangu aliichoma mubaya. Mukono ilikuwa imezeeka."

Akacheka. Kijana akanigeukia. "Kweli, Maman?"

Nikaongeza majivu juu ya chuma. "Kweli," nilisema. "Mukono yake ilikuwa imezeeka."