Senene Kwenye Pampu ya Boti

Wenzangu wakisikia harufu ya senene, wale panzi wa kukaanga, hudondokwa na mate. Mimi hupandwa na hasira. Mama alikuwa mpishi kwenye boti pale Bukoba, nami binti yake nilikalia mikungu ya ndizi, ingawa kukalia chakula ni utovu wa adabu, haya tuyaache. Asubuhi moja pampu ya maji ya kunywa ikanguruma bila kuvuta. Nahodha akafoka, “Mwanamke kashika mashine! Mama, kazi huna, shuka!”

Fundi akafungua chujio akakuta limejaa senene, ambao sisi wanawake hata kuwaonja tulikatazwa na mila. Nahodha mwenyewe ndiye aliyeacha tangi la maji wazi usiku alipokuwa akiwadaka kwenye taa. Mabaharia wakamcheka.

Mama akamuuliza kwa heshima ya Kihaya, “Basi nirudi jikoni, waitu?”

“Shuka,” nahodha akajibu. “Nimeshasema mbele ya watu.”