Ndevu za Bwana Shauri

Jina lake la kuzaliwa walilijua mkewe na karani wa kodi tu. Mji mzima ulimwita Kwani, maana hakuwahi kuanza swali kwa neno jingine. "Kwani marehemu aliumwa nini?" "Kwani yule binti kaikataa posa?" Kinyozi, bwana, na vinyozi mnawajua. Mteja akishapakwa povu hadi puani hana pa kukimbilia, itabidi ajibu.

Kibanda chake kilikuwa na kiti kimoja, kioo chenye ufa, na mkanda wa ngozi wa kunolea wembe uliopigiliwa ukutani. Ila kila asubuhi, kabla ya kufungua, alipanda kwanza bomani kumnyoa Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya. Mikono ya Mzungu huyo ilikuwa ikitetemeka asubuhi, kwa sababu ambazo Kwani alizijua vizuri. Ajabu ni kwamba, pamoja na umbeya wake wote, hakuwahi kumwambia mtu. Ya kwenye kiti chake yaliishia kwenye kiti.

Ikaja amri ya barabara. Kila kijana mwenye nguvu zake aende akavunje mawe, malipo hakuna, chakula ajibebee. Mtoto wa Kwani, fundi seremala, kifungua mimba wake na kitinda mimba pia, akakataa. Hakutukana wala hakukimbia. Aliwaambia askari haendi, akawanyooshea mikono wamfunge. Wenzake wakafanya vivyo hivyo, jela ikafurika. Ndipo watu walipokubaliana pale sokoni, mchana kweupe: hakuna kupiga, hakuna kutukana, lakini pia hakuna kuwapikia wakubwa wa boma, wala kuwafulia, wala kuwauzia hata yai, mpaka vijana watoke na amri ifutwe.

Kwani akaacha kupanda bomani. Na hapa nisimpambe: kesho yake hakukaa nyumbani kuiombea nchi. Alikwenda kuchungulia. Alikuwa anawashwa kujua wakubwa wataishije. Akajibanza nyuma ya ua, akamwona mke wa daktari akivutana na shuka lililolowa, na shuka lilikuwa linashinda. Akamwona mhandisi wa barabara akitoka kisimani, nusu ya maji iko kwenye ndoo, nusu kwenye suruali. Kwenye nyumba ya tatu jiko lilikuwa limefuka moshi mpaka wenyewe wamekimbilia uani wanakohoa. Kwani alicheka hadi akajiziba mdomo, kisha akawahurumia kidogo, kisha akaduwaa. Kwani hawa walitutawala vipi siku zote hizi? Alirudi na swali hilo mjini, akamuuliza kila aliyekaa kwenye kiti chake.

Raha hiyo iliingia nyongo pale askari alipokuja kumwita. Gavana alikuwa njiani kuja kukagua wilaya, na Bwana Shauri alikuwa ameshamwandikia kwamba mambo ni shwari. Kwani alipokuwa anatoka, mkewe alimshika shati.

"Mume wangu, akitaka chochote mpe. Mimi namtaka mwanangu. Hayo mengine ni yenu."

Bwana Shauri alikuwa chumbani kwake, ndevu zimemwota ovyo, vipande vya karatasi vimebandikwa kidevuni kila alipojikata akijaribu mwenyewe. Wembe, brashi na beseni vilikuwa tayari mezani.

"Ninyoe," alisema, "na mwanao anatoka leo. Barabarani hatakwenda."

Akilini Kwani alimwona mkewe akifungua mlango, akamwona kijana akiingia.

"Kwani na wenzake?" akauliza.

"Wenzake si watoto wako."

Kwani akarudi nyuma hatua moja. "Basi siwezi, Bwana Mkubwa."

Mzungu akawaka. Akamwamuru askari amwelekezee Kwani bunduki mgongoni, akajitupa kwenye kiti, akajifunga taulo mwenyewe, akainua kidevu. "Nyoa! Ni amri ya serikali!"

Kwani hakuushika wembe. Wala asije mtu akawaambia hakuogopa. Jasho lilimtiririka mpaka kiunoni.

"Bwana Mkubwa, sikutishi, naomba unielewe," alisema. "Sijawahi kumnyoa mtu nikiwa nimeshikiwa bunduki. Kwani mkono utatulia?"

Lilikuwa swali la kweli, hakujua jibu lake. Bwana Shauri, koo wazi, alimtazama askari, akautazama wembe, akamtazama Kwani. Polepole mkono wake ukapanda ukalifunika koo.

"Shusha bunduki," alimwambia askari.

Alipomuuliza Kwani kama ana la ziada, Kwani akaomba amwone mwanawe. Akakubaliwa. Bwana Shauri alidhani kijana atalia na kumlainisha baba yake.

Kijana akaletwa uani, amekonda, nywele zimemjaa, anajikuna kichwa kwa chawa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu." Kwani akamweleza yote bila kuficha, hata maneno ya mama yake. "Nikimnyoa unatoka sasa hivi. Mimi nimekataa, lakini anayelala humo ndani ni wewe. Sema."

Kijana aligeuka kutazama dirisha la jela, nyuso za wenzake zimebanana kwenye nondo. "Hujamnyoa bado?"

"Bado."

"Afadhali." Halafu akamgeukia baba yake. "Mama hajambo?"

Kwani akalia pale pale, mbele ya askari, bila kujificha. Alipomaliza aliomba wembe na beseni vilivyokuwa mezani. Askari akavileta bila kuuliza mtu. Kijana akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, na baba yake akamnyoa kichwa chote, taratibu, nyuma ya masikio akarudia. Bwana Shauri alikuwa amesimama barazani anatazama, akijipapasa shavu, na hakuwakataza.

Amri ya barabara ilifutwa baadaye, na vijana walitoka wote kwa pamoja. Lakini siku ile Kwani hakulijua hilo. Alirudi nyumbani peke yake.

Mkewe alikuwa mlangoni. Alitazama nyuma yake, njia nzima, kama kuna mtu anakuja. "Hukumnyoa," alisema.

"Sikumnyoa."

Akampiga kifuani kwa ngumi zote mbili, akampiga tena, na Kwani akaacha apigwe. Mkono ulipochoka ukabaki pale pale kwenye shati, na mama akaona nywele zimelishika, nyeusi, fupi, zilizojikunja. Akazitazama kwa karibu.

"Kakonda?" aliuliza.

"Kakonda."

Akaanza kuzibandua moja moja, akizifunga kwenye pindo la nguo yake.